Herio Nyuma ya Nyumba ya Mawe

Ukitaka kuujua mji wa Garissa, usisimame barabarani. Barabarani utaona ambacho kila mji wa Kenya unacho: maduka ya simu, benki, matangi meusi juu ya mapaa, tuktuk zikigombania abiria, hoteli zinazotangaza pilau na nyama ya ngamia. Ingia ndani ya ua. Mbele utakuta nyumba ya mawe, madirisha yake yana vyuma na sakafu yake ina vigae. Ubavuni vipo vyumba viwili vitatu vya mabati, ambavyo zamani vilikuwa ndiyo nyumba yenyewe na leo ni jiko, stoo na makao ya wapangaji. Nyuma kabisa, karibu na ua wa matawi ya mathenge, kuna kibanda cha mviringo cha fito zilizopindwa, kimefunikwa mikeka, magunia na turubai. Hiyo ndiyo herio.

Nilisomesha Garissa miaka mingi, na muda huo nilikuwa mpangaji wa chumba cha mabati katika ua mmoja wa mtaa wa Bulla Iftin. Mbele yangu, katika nyumba ya mawe, aliishi mwenye ua pamoja na mkewe na watoto wao. Alikuwa mfanyabiashara wa makamo, mtu wa maneno machache na simu nyingi. Nyuma yangu, katika herio, aliishi mama yake. Sote tulimwita Ayeyo, yaani nyanya, wajukuu na wapangaji sawia, naye aliniita Mwalimu, hata siku aliponigombeza kwa kuacha bomba la maji wazi.

Mimi ni mtoto wa Mto Tana kama wao, ila wa chini zaidi. Nilizaliwa Hola, kwa Wapokomo, na kwetu kuendelea kulikuwa na sura moja tu. Baba alipopata pesa ya mabati, nyumba ya nyasi ilibomolewa asubuhi, na jioni nyasi zake zikawasha moto wa kuwapikia mafundi. Tulishangilia. Jambo jipya halikuja kwetu mpaka la zamani liondoke, na nilikua nikiamini kwamba ndivyo maisha yalivyo: unapanda ngazi, na kila kidato unachokiacha hukihitaji tena. Garissa ndiyo iliyonitilia shaka katika imani hiyo.

Shaka ilianza na usingizi. Miezi ya Februari na Machi, wakati wa kiangazi kile kirefu ambacho Wasomali hukiita Jilaal, joto la mchana Garissa hupita nyuzi 35. Chumba changu cha mabati kilichemka kuanzia saa nne asubuhi, lakini angalau usiku wa manane mabati yalikuwa yamepoa. Nyumba ya mawe ilikuwa na mateso ya aina nyingine. Ukuta wake uliokunywa jua kutwa ulianza kulitapika saa mbili usiku, na uliendelea hivyo mpaka alfajiri. Umeme ukikatika na feni ikisimama, mwenye nyumba na familia yake walitoka na magodoro wakalala uani. Ayeyo peke yake hakuhama. Herio haina kitu cha kuhifadhi joto. Ni fito, mikeka na hewa. Mchana yule mama aliuinua mkeka wa upande ulio na upepo, na upepo ulipogeuka, naye aligeuza.

Mwanawe alikuwa amempa chumba kizuri kuliko vyote katika nyumba ya mawe. Ayeyo alikitumia kuhifadhi sanduku lake na kupokea wageni. Siku moja nilimwuliza kwa nini halali huko. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza jua linatoka wapi.

“Mwalimu, nyumba ile ni ya wageni na ya mvua. Mimi si mgeni. Na mvua yenyewe iko wapi?”

Wapenda methali wangenikumbusha hapo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini Ayeyo hakuwa akitunza asili. Alikuwa akitunza usingizi wake. Nyumba ya mawe hakuichukia hata kidogo: mvua zilipofika, alihamia humo bila kushurutishwa, na mwaka mwanawe alipoweka vigae, yeye ndiye aliyechagua rangi. Herio ilibaki kwa sababu bado ilikuwa na kazi.

Kila ngazi ya makazi katika mji huu ilikuja na sababu zake, na sababu hizo si za joto tu. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga wilaya yote ya mpaka wa kaskazini. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipofika 1963, haukufika huku kwa ngoma, bali kwa vita vya Shifta vilivyoendelea hadi 1967. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, mifugo ikafa kwa kukosa malisho, na wengi waliobaki mikono mitupu hawakurudi porini tena. Walijenga pembezoni mwa miji. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kulitawala eneo hili hadi 1991, karibu miaka thelathini ya bendera.

Katikati ya miaka hiyo ndipo ilipotokea Novemba 1980. Baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, askari waliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwazuilia wakazi katika uwanja wa shule ya msingi, juani, bila chakula wala maji. Watu waliuawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013, ingawa wazee wa Garissa hawakungoja tume ili wayajue.

Nilipokuja kuyajua hayo, nilizitazama upya nyumba za bulla, yaani mitaa ya mji huu. Nyumba nyepesi huungua haraka, lakini pia husimama tena haraka, kwa mikono ileile ya wanawake walioifuma mara ya kwanza. Kwa watu waliozoea kuambiwa “hameni”, wepesi ule ulikuwa kinga. Nyumba ya mawe nayo ina maneno yake. Mtu anayelipa mafundi kutoka Mwingi na Kitui wampandishie ukuta wa mawe, tena juu ya kiwanja ambacho pengine hana hati yake, anawaambia wote wanaopita kwamba hapa haondoki. Ndiyo maana mawe yaliongezeka sana baada ya katiba ya 2010 na kuanza kwa serikali za kaunti mwaka 2013. Pesa zilikuja, lakini pia ilikuja hisia kwamba mji huu umeanza kuwa wa wenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 160,000 mjini, katika kaunti yenye watu 841,353. Hata hivyo nyuma ya kuta hizo mpya, fito za herio hazikutupwa. Mtu aliyewahi kuhamishwa haoni aibu kuhifadhi nyumba inayobebeka.

Mwanawe Ayeyo aliishi kwa kanuni hiyohiyo katika kazi. Alikuwa na duka la vitambaa na manukato ndani ya Suuq Mugdi, soko la vichochoro vilivyofunikwa ambamo mchana hugeuka kuwa magharibi. Alikuwa na ngamia waliokuwa wakichungwa na binamu zake upande wa Balambala. Tena alikuwa na sehemu ya shamba kando ya Tana, ndizi, maembe na matikiti maji, akishirikiana na mkulima Mmunyoyaya aliyeujua mto kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Mfanyabiashara alileta pampu na dizeli, mkulima akaleta ardhi na maarifa, mavuno wakagawana.

Kwa akili yangu ya ngazi, mtu mwenye duka zuri vile alikuwa anajichosha bure. Nikamwambia auze ngamia aongeze bidhaa.

“Mwalimu,” akasema, “duka linauawa na deni. Ngamia anauawa na kiangazi. Shamba linauawa na mto. Wauaji hawa watatu si ndugu. Ni nadra kuja siku moja.”

Sikuwa bado nimeona siku waliyokaribia kuja pamoja. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na kufikia mwisho wa 2022 njia za malisho zilikuwa zimejaa mizoga. Waliokuwa na ng'ombe pekee walilia. Ngamia wake walipungua lakini hawakuisha, kwa sababu ngamia hufikia majani ambayo ng'ombe hayaoni na huvumilia kiu ambayo ng'ombe hawezi. Duka liliyumba pia, maana mfugaji asiye na mnyama wa kuuza hanunui kitambaa. Miaka hiyo shamba ndilo lililolisha ua mzima, nasi wapangaji tukiwemo. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Nino. Tana iliacha njia yake, ikachukua migomba, ikachukua na pampu. Aprili 2024 ilirudia. Maji yaliikata barabara kati ya Garissa na Madogo, malori ya bidhaa yakakwama ng'ambo, na watu wakavushwa kwa mashua. Moja ya mashua hizo ilipinduka eneo la Kona Punda ikiwa imejaa abiria, na kuna waliokufa.

Wakati huo nilikuwa nimeshastaafu na kurudi Hola, ambako nasi tulikuwa tunapambana na mto uleule. Nilimpigia simu mwanawe Ayeyo. Duka lilikuwa halina bidhaa, shamba lilikuwa chini ya maji, ngamia walikuwa mbali. Nikamwuliza mnakula nini. Akacheka kidogo, akasema: “Watu.”

Alikuwa na maana ya watu wanaodaiana. Dada yake aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na kazi hiyo nimeitazama kwa karibu. Maziwa hutoka porini alfajiri kwa gari, yakiwa ndani ya jerikani zenye alama ya kitambaa au kamba, kila alama na mwenyewe. Hakuna anayelipwa hapo hapo. Muuzaji anapokea, anauza, na pesa inarudi porini kwa gari hilohilo ikiwa sukari, unga, mchele na dawa za mifugo. Hakuna karatasi. Kama mwaka ni mbaya porini, mjini wanapeleka chakula bila maziwa kuja. Kama mambo ni mabaya mjini, maziwa yanakuja bila chakula kwenda. Kwenye soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki, mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Bei hupatanwa kwa vidole chini ya kitambaa, ili jirani asijue, na dalali anayesimama kati ya muuzaji na mnunuzi anawekea dhamana jina lake kwamba mnyama yule si wa wizi. Akikosea analipa kutoka mfukoni mwake, halafu anapoteza sifa, na mtu aliyepoteza sifa hapo hana cha kufungulia duka.

Methali ya pwani hutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Garissa ilinifundisha zaidi ya hapo: hata msala ukishakuja ukakaa, mbacha nao usiutupe.

Kuna jambo lililonifanya niamini kwamba kanuni hii inawahusu watu kabla ya kuhusu vitu. Garissa si mji wa Wasomali peke yao, ingawa wao ndio wengi. Kandokando ya mto wako Wamunyoyaya, Wamalakote na Wapokomo. Kuna Waborana, kuna Wameru wa miraa, kuna Wakamba waliojenga nusu ya kuta za mji. Katika chumba kilichopakana na changu aliishi fundi wa mawe kutoka Ukambani. Novemba 2014 abiria wa basi waliuawa karibu na Mandera kwa kutengwa kwa dini yao, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia katika chuo kikuu cha Garissa na kuua watu 148, karibu wote wanafunzi. Baada ya hapo walimu kwa mamia walikataa kurudi kaskazini, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Fundi naye aliondoka usiku, na begi moja.

Kodi ya chumba chake haikulipwa, na baada ya muda chumba kikapangishwa. Hiyo ni haki ya mwenye nyumba. Lakini Ayeyo alichukua vifaa vya fundi akavipeleka kwenye herio yake: mwiko, nyundo, pima maji, mpaka uzi wa timazi uliokuwa umeviringishwa kwenye kijiti. Wajukuu walivitaka wavichezee, akakataa. Mtu mmoja alitaka kuvinunua, akakataa. Alisema mwenyewe yuko. Hakusema atarudi, hakusema harudi. Alisema yuko, kana kwamba hilo lilitosha.

Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Fundi alirudi pia, si mara moja na si kwa furaha, bali kwa sababu ya ada za watoto. Alikuta chumba chake kina mtu mwingine, lakini vifaa vyake vyote vilikuwepo, naye akaanza kazi siku iliyofuata. Nadhani uhusiano kati ya watu wa mji ule ulirudi hivyo hivyo, si kwa mikutano ya amani peke yake, bali kwa sababu kulikuwa na watu ambao hawakukubali kuuza nafasi ya aliyeondoka.

Yote hayo yana bei, na nitakuwa mnafiki nisipoitaja. Herio hufumwa na wanawake. Fito hukatwa na wanawake, mikeka husukwa na wanawake, na kijana wa kiume anayesifu utamaduni wake huku dada yake akiwa ndiye anayebeba mzigo hana anachokisifu. Ukoo unaokulisha mwaka wa njaa ndio pia unaokaa chini ya mti na kugawana viti kabla ya kura kupigwa, ukamwacha nje mtu mwenye uwezo kwa sababu ya jina la babu yake. Na kuna mabaki mengine ya zamani ambayo hayakustahili kuhifadhiwa hata siku moja. Kwa miaka mingi basi la kutoka Garissa kwenda Nairobi, safari ya takriban kilomita 370, lilisimamishwa kwenye daraja la Tana, na abiria wakashushwa kuonyesha vitambulisho. Mimi mwenye jina na sura ya chini ya mto nilitazamwa mara moja nikapitishwa. Wanafunzi wangu, waliozaliwa katika nchi hiihii, walihojiwa kama wageni. Sheria za hali ya hatari zilikuwa zimefutwa, tabia zake zilikuwa bado zinakaa pale darajani.

Basi mtu ajueje lipi la kuhifadhi na lipi la kubomoa? Swali hilo nililichukua na kuondoka nalo Garissa, na jibu nililipata kwa kumtazama Ayeyo, si kwa kumwuliza. Herio yake ilipita mitihani miwili. Kwanza, ilikuwa bado inafanya kazi: alilala humo, alihifadhi humo, hakuiweka ili wapiga picha waifurahie. Pili, gharama yake aliilipa mwenyewe. Mkeka ukichakaa alisuka mwingine, na hakumlazimisha mkamwana wala mjukuu yeyote kulala humo kwa ajili ya heshima yake. Ule upekuzi wa darajani ulianguka mitihani yote miwili. Haukumlinda mtu, kwani wauaji wa 2015 hawakuzuiwa nao, na gharama yake ililipwa na wasiokuwa na hatia. Kugawana viti kiukoo kunafaulu wa kwanza kwa shida na kuanguka wa pili, maana wanaofaidi ni wachache na wanaolipa ni vijana wote.

Nilipostaafu, ndugu zangu walitaka tuuze shamba la baba lililo kando ya mto, tujenge vyumba vya kupangisha Malindi. Hesabu zao zilikuwa sahihi. Vyumba vinaleta pesa kila mwezi; shamba lile mwaka mmoja linatoa maembe na mwaka unaofuata linatoa matope. Nikakubali tujenge vyumba, kwa sehemu yao na kwa akiba yangu. Sehemu yangu ya shamba sikuiuza. Nimeshirikiana na kijana wa jirani, yeye analima nami nalipia mbegu na mafuta ya pampu, na mafuriko yaliyopita yalituachia hasara ambayo mke wangu anaijua kwa shilingi na senti. Sikumwomba ndugu yeyote achangie, na mwaka ambao gharama itaanza kuangukia shingo ya mtu mwingine, nitaliuza bila kutoa machozi.

Vijana ninaokutana nao siku hizi wanaambiwa kila upande wasonge mbele, na ushauri huo si mbaya. Wajenge mawe, wasome, wahamie wanakotaka. Ila kabla hawajabomoa walichotoka nacho, iwe ni kazi ya mikono, lugha ya nyumbani, shamba dogo au rafiki wa wakati wa dhiki, waulize kwanza kama bado kinafanya kazi, na kama wao wenyewe wako tayari kukilipia. Majibu yakiwa ndiyo mara mbili, uani hapakosi nafasi.